Seva Iliyomtambua Emama Bizunesh Peke Yake

Umeme ulikatika asubuhi, na uliporudi wafanyakazi wote wa kiwanda cha mkate walikuwa nje uani wakinywa kahawa. Ndani, unga waliokwisha kuukanda ulikuwa unaumuka bila mwangalizi.

Woinshet, fundi wa kompyuta, alitangulia mlangoni akaweka kidole. Taa ikawaka nyekundu, na maandishi yakatokea: hujaajiriwa. Akapangusa kidole kwenye sketi, akajaribu tena. Hujaajiriwa. Wenzake wakajaribu mmoja baada ya mwingine, na wote wakakataliwa. Meneja, Ato Gezahegn, akawasukuma kando.

"Nipisheni. Mnaweka vidole vina siagi."

Akaambiwa naye hajaajiriwa.

Ndipo Emama Bizunesh, mama mtu mzima wa kwenye tanuri, alipojikongoja na kikombe chake mkononi, akabonyeza kidole gumba huku akipiga miayo. Mlango ukafunguka.

Woinshet akaelewa papo hapo. Ile betri ndogo ya kutunzia saa ndani ya seva inayoendesha milango ilikuwa imekufa. Umeme ulipokatika, seva ilisahau tarehe, na sasa iliamini tuko mwaka ule ule ilipotengenezwa, enzi ambazo kiwanda kilikuwa na tanuri moja tu. Katika watu wa enzi hizo, aliyebaki kiwandani alikuwa Emama Bizunesh tu.

"Kwa hiyo leo kiwanda ni changu," alisema Emama alipoelezwa.

"Ni hitilafu ya muda, Emama," Ato Gezahegn alisema.

"Wewe kijana bado hujaajiriwa. Subiri nje."

Watu walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Emama akawaruhusu wapishi waingie kuuokoa unga, ambao ulikuwa umeshafurika na kuteremka mezani. Kisha akamfungulia Woinshet chumba cha seva, akavuta kiti, akaketi kusimamia.

Woinshet alizima seva, akachomoa waya wa umeme, akagusa chuma cha kabati ili umeme wa mwilini usiiunguze mashine. Akafungua kifuniko. Betri ilikuwa pale, bapa na ya duara kama kifungo cha koti. Akabonyeza kilimi cha chuma kilichoishikilia, ikaruka juu, akaipima kwa mita. Ilikuwa haina hata nusu ya nguvu.

"Imekwisha kabisa. Na stoo hatuna nyingine."

"Mzani wa bosi unatumia ya namna hiyo," alisema Emama. "Ule anaoupanda kila siku akijifungia ofisini."

Ato Gezahegn, aliyekuwa amepenya na wapishi na sasa anachungulia mlangoni, alikohoa. "Sijui mzani gani huo."

Lakini ofisi yake nayo ilifunguliwa kwa kidole cha Emama, na mzani ulikuwa chini ya meza. Emama akaupanda kwanza, akaridhika, ndipo akampa Woinshet. Betri ilipopimwa ilikuwa nzima, tena ya ukubwa ule ule. Woinshet akaipachika upande wa alama ya kujumlisha ukitazama juu, akafunika, akawasha. Seva ikauliza leo ni tarehe ngapi.

"Andika, andika," Ato Gezahegn alimhimiza akiwa nyuma ya bega lake. "Elfu mbili kumi na saba. Watu wana kazi."

Naye Woinshet, kwa haraka na kwa mazoea, akaandika hivyo hivyo. Mlangoni taa ikawa kijani kwa kila aliyeweka kidole. Watu wakapiga makofi. Ato Gezahegn akaliweka sawa koti lake, akatoka ili aingie kwa heshima yake, mlango ukajifunga nyuma yake, akabonyeza.

Hujaajiriwa.

Woinshet akashika kichwa. Elfu mbili kumi na saba ni mwaka wetu sisi Wahabeshi. Seva inahesabu miaka ya Wazungu, ambayo iko mbele ya yetu kwa miaka saba au minane. Alikuwa ameirudisha mpaka wakati ambao kila mtu alishaajiriwa isipokuwa meneja, aliyeletwa mwaka jana tu.

"Nimekosea kalenda, Ato Gezahegn," alisema kupitia kioo cha mlango. "Nipe dakika chache."

"Usikimbie, mwanangu," Emama alimwambia, akimmiminia kahawa. "Ukiharakisha utakosea tena."

Wakanywa. Nje, Ato Gezahegn alisimama akijifanya anakagua ukuta. Kila aliyepita alimwamkia kwa adabu kubwa, na mmoja akamuuliza kama amekuja kutafuta kazi.

Hatimaye Woinshet akarekebisha mwaka, akahakikisha na saa, akazima na kuwasha tena kuona kama seva inakumbuka. Ilikumbuka. Ato Gezahegn akaingia bila kumtazama mtu, akaenda moja kwa moja kwenye meza za unga.

Mikate ya siku ile ilitoka minene kupita kiasi, ikagoma kuingia kwenye mifuko yake. Waliiuza ikiwa wazi, na kufikia mchana ilikuwa imekwisha yote.