Hedifoni za Kusikilizia Nanga

Jumamosi ya gulio, Elipidius alikuwa amekaa mlangoni mwa duka lake pale Omurushaka, anasugua vipira vya hedifoni kwa kitambaa chenye spiriti. Watu wa Karagwe hawanunui kitu cha kuchomeka sikioni bila kukijaribu kwanza, na masikio ya watu yana mambo yake. Mwalimu Kokuhirwa alipoingia, Elipidius hakumuuliza anataka nini. Alikuwa Mhaya wa Muleba, biashara kazaliwa nayo. Alimvutia kiti, akamwekea mezani hedifoni nyekundu.

“Hizi zina besi, Mwalimu. Zinatikisa mpaka fizi.”

“Fizi zangu ziache zilivyo. Sitaki besi, nataka sauti ya nyuzi.”

Elipidius akashusha pumzi. Wateja wa nyuzi ni wachache na wana usumbufu. Kabla ya huyu alimjua mmoja tu, padri mstaafu, aliyekaa dukani kutwa nzima akisikiliza fidla kwa macho yaliyofumbwa, halafu akanunua chaja.

Kokuhirwa aliimba sauti ya pili kwenye kwaya ya Kiruruma, na alipenda fidla za Ulaya na nanga ya baba yake, kile kinubi cha Kinyambo, kwa sababu moja: sauti ya uzi haina pa kujificha. Lakini siku hiyo hakuja kwa starehe. Kesho yake baada ya ibada ukoo ulikuwa unakaa kuamua habari ya kibanja cha chini, kipande cha shamba pale migomba ya marehemu baba yake inapokutana na mibuni. Baba mdogo Cleophace alikuwa ameshajimegea. Kokuhirwa alikitaka kibanja kile kwa moyo wake wote. Ndipo alipozikwa mama yake, na ndipo alipotaka kujenga. Katika ukoo ule mtoto wa kike hurithi sufuria, tena ile isiyo na mfuniko, isipokuwa baba awe ametamka vingine.

Na baba alikuwa ametamka. Nolasco, mtu wa redio kutoka Mwanza, alikuja kumrekodi baba huyo, mzee Kahigi, akipiga nanga uani kwake. Baada ya wimbo wa pili mzee alisema neno juu ya kibanja. Shida ni kwamba neno lenyewe lilifunikwa na ngoma. Rekodi ilipopigwa redioni, watu kutoka Rugu mpaka Kamuli waliisifia ngoma ile, tu-ki, tu-ki, wala hakuna aliyemkumbuka mpigaji wake. Kokuhirwa alikuwa nayo kwenye simu, na kila hedifoni aliyowahi kuivaa ilimpa ngoma tupu.

Hedifoni nyekundu zilimpa ngoma kama mtu anayehamisha kabati. Akazivua. Elipidius akaleta za kijivu, akambadilishia vipira, kwa kuwa sikio la kushoto lilikuwa na tundu kubwa kuliko la kulia.

“Ni kelele za watoto wa shule zilizolipanua,” alisema. “Kipira kisipoziba vizuri, hata malaika akiimba utasikia pikipiki.”

Za kijivu hazikuwa mbaya. Kokuhirwa alizipima kwanza kwa fidla nne za Ulaya, akamsikia mpigaji wa pili tumbo likimnguruma. Alipoweka nanga akasikia kucha za baba yake kwenye nyuzi, akamsikia kuku, akamsikia Nolasco akimeza mate. Neno lenyewe bado lilikuwa chini ya ngoma.

“Zipo nyingine,” alisema Elipidius, “ila usije ukanilaumu.”

Akafungua droo, akatoa kiboksi cheusi. Bei hakuitamka. Aliiandika kiganjani, akamwonyesha, akafumba mkono.

Kwanza kilikuja kimya. Hedifoni ya nyuzi huipimi kwa kelele zake, unaipima kwa kimya chake, na hiki kilikuwa kimya kipana, cha ua uliofagiliwa. Kisha nanga ikaingia, kila uzi umekaa mahali pake, hakuna anayemkanyaga mwenzake. Na ngoma ikaacha kuwa ngoma. Ilikuwa jembe.

Kokuhirwa alilijua jembe lile. Mpini wake ulilegea tangu yeye ni msichana. Likiingia ardhini linalia “tu”, likitoka linalia “ki”, na mwenyewe, Cleophace, hajawahi kugonga kabari. Wakati kaka yake anamtumbuiza mgeni, Cleophace alikuwa nyuma ya mgomba anang’oa mramura, ule mmea wa mpakani, na kuuchomeka huku juu, ndani ya eneo la kaka yake. Mramura hauna makuu, ukiuchomeka popote unaota. Na alikuwa anang’oa kwa kufuata mapigo ya nanga, mshenzi yule, bila kukosea hata pigo moja.

Halafu nanga ikanyamaza, ingawa kwenye rekodi hainyamazi pale.

“Kokuhirwa,” alisema mzee Kahigi, “umekura?”

“Nimekula, Baba. Shikamoo.”

“Marahaba.”

Kahigi alikuwa Mnyambo wa Kiruruma, na kila neno la Kiswahili lenye l lilitoka kinywani mwake na r. Alimpeleka binti yake shule na daftari na karamu, na mtoto alikaa muda mrefu darasani akisubiri chakula.

“Baba, ulisemaje kuhusu kibanja?”

“Nirisema hivi: kwenye kibanja cha chini, Kokuhirwa asinyimwe kura.”

Asinyimwe kula. Kokuhirwa alilia pale pale dukani kwa furaha, bila kujificha. Elipidius akampa kitambaa, kile cha spiriti, kikamwasha macho, akalia zaidi.

“Zinafika mbali hizi,” alisema Elipidius akiangalia barabarani. “Yuko mteja wa Bukoba alizirudisha. Alikuwa anataka kinanda, akawa anapata mama mkwe.”

Kokuhirwa alilipa kwa hela aliyoiweka kwa ajili ya mabati ya jiko. Jiko liliendelea kuvuja.

Jumapili ukoo ulikaa uani kwa marehemu. Palikuwa na kahawa za kutafuna na rubisi, pombe ya ndizi. Walutheri walikunywa wakiangalia pembeni, Wakatoliki walikunywa wakiangalia mbele. Mzee Dastan, mkubwa wa ukoo, ndiye aliyepewa hedifoni kwanza. Kokuhirwa alimchagulia vipira vikubwa, akamwambia apige miayo ili vikae vizuri.

“Dastan,” alisema marehemu, “ngiri imepona?”

“Imepona,” alijibu Dastan kwa Kinyambo. “Wameikata. Na wewe huko?”

“Mimi nipo hapa na mgeni.”

Wakasalimiana kwa urefu, kama inavyopasa. Ndipo Dastan akamuuliza habari ya kibanja, na marehemu akarudia neno lake kwa Kiswahili, kama alivyosema siku ile. Dastan akazivua, akautangazia mkutano: “Anasema Kokuhirwa asinyimwe kura.”

“Kula,” alisema Kokuhirwa. “Anamaanisha kula, mzee. Ale matunda yake, akae pale.”

“Mwarimu, usimsahihishe marehemu,” alisema Dastan.

“Basi mwombe aseme kwa Kinyambo.”

Ombi lilikuwa la haki, kwa sababu kwa Kinyambo maneno hayo mawili hayafanani hata kwa mbali. Dastan akazichomeka tena, akauliza, akasikiliza, akatikisa kichwa. Kahigi alikuwa amekataa. Nolasco bado amekaa naye pale uani, mle kwenye rekodi, ameshika mashine yake, na Kinyambo hakijui. Si adabu kuongea mbele ya mgeni kwa lugha asiyoielewa, atadhani anasengenywa. Wazee wote wakaona ni kweli, Kahigi alikuwa mtu wa heshima tangu zamani. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Binti wa mwenyeji hawakumtaja.

“Ngoja nimbane,” alisema Dastan, akahamia Kiswahili, na chake nacho hakikuwa na l. “Kahigi! Unasema kura, au unasema kura?”

“Kura!” alisema marehemu, na sasa amekasirika. “Nyie viziwi? Kura!”

“Kura,” alisema Dastan kwa mkutano.

Kokuhirwa akasimama. Akasema vema, lakini wasikilize na jembe. Hedifoni zikazunguka, na kila mzee akasikia mramura ukitoka ardhini. Mwisho zikamfikia Cleophace mwenyewe. Alifumba macho. Mguu wake ukaanza kugonga chini.

“Kumbe nilikuwa siachi pigo,” alisema.

“Ulikuwa unang’oa mpaka, Baba Mdogo!”

“Nilikuwa nang’oa mpaka, mwanangu. Sikatai. Lakini sikiliza hapo nanga inapopanda. Nimepanda nayo.”

Wazee wakaomba kusikiliza tena, na kweli, alikuwa amepanda nayo. Mmoja akasema ni hasara kipaji kile kukaa bure miaka yote. Kuhusu mramura wenyewe, Dastan alieleza kwamba jina lake linatokana na kuamua ugomvi, na mmea huo, baada ya kuhamishwa, uliamua kuota pale ulipo. Ungekuwa na pingamizi ungekauka.

Kisha wosia wa marehemu ukatekelezwa. Kokuhirwa hakunyimwa kura. Katika historia ya ukoo ule hakuna mwanamke aliyewahi kupewa, na wazee kadhaa walimpa mkono wa hongera kabla hajaitumia. Dastan akauliza nani wanataka kibanja cha chini kiwe cha Kokuhirwa. Kokuhirwa akanyoosha mkono. Kwenye hedifoni marehemu akasema na yeye amenyoosha. Dastan akasema haonekani. Akauliza nani wanataka kiwe cha Cleophace, na mikono ikawa mingi mpaka kibuyu cha rubisi kikamwagika.

Mkutano ukafungwa kwa sala, na aliyesali alimshukuru Mungu kwa mwanga ulioingia katika ukoo. Jumamosi iliyofuata Cleophace alialikwa harusini Rugu kupiga jembe. Alienda na lile lile la mpini uliolegea, na wakamtunza.

Jioni hiyo ya mkutano, watu walipoondoka, Kokuhirwa alishuka mpaka kwenye mramura mpya. Kaburi la mama yake lilikuwa upande wa pili. Akakaa upande wake, alipobakiziwa, palipotosha kiti. Alikuwa na hasira. Akachomeka hedifoni, kipira kikubwa kushoto, kidogo kulia. Nanga ikaingia, jembe likaingia, vyote safi kabisa, vimepishana vizuri. Kisha nyuzi zikanyamaza.

“Kokuhirwa,” alisema baba yake, “umekura?”

“Kura nimepiga, Baba,” alisema. “Kula bado.”