Mfungo wa Kisakye

Kila Namutebi alipomega kisra, mkate mwembamba wa mtama, na kuichovya kwenye mchuzi wa samaki, sauti ya mdogo wake ilimwambia sikioni, "Dada, kidogo tu." Mkono ukarudi sahanini. Kisakye alikuwa kaburini mwaka wa pili sasa.

Walitoka Uganda pamoja kuja kuuza vitenge katika soko la Konyo Konyo, nchi jirani. Saratani ya ovari ilipomshika Kisakye, kikundi chao cha maombi kule Gurei kikaja na ujuzi wake: uvimbe unakula anachokula mgonjwa, basi unyimwe. Siku ishirini na moja, uji mwepesi na maji ya majani. Namutebi, aliyempenda mdogo wake kupita kiasi, ndiye aliyeshika ufunguo wa kabati la chakula. Kisakye aliomba samaki: "Dada, kidogo tu." Alinyimwa kwa upole, akasomewa zaburi. Uvimbe haukuwa na habari na mfungo wao. Aliyekonda ni Kisakye. Kinga ikashuka, dawa zikasitishwa, homa ikaja ikamchukua.

Sasa ugonjwa uleule ulikuwa umembishia hodi Namutebi mwenyewe. Asubuhi hiyo muuguzi Suzan alimwambia waziwazi, "Chakula hakiponyi saratani, mama. Lakini mwili uliokwisha hauhimili dawa. Damu yako ikibaki chini hivi mpaka Jumatatu, hatutakutundikia dripu ya dawa."

Aliyempikia nyumbani alikuwa Rejoice, jirani yake wa mtaa wa Malakia aliyekulia ukimbizini Uganda. Alimwona Namutebi akisukuma sahani.

"Dada, wewe nakataa chakula yangu kila siku. Iko nini?"

Namutebi akamweleza yote, mpaka ufunguo. Hakuwahi kumwambia mtu.

Rejoice hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. "Malesh, pole, dada. Ile ilikuwa makosa yako, kweli. Lakini sasa wewe nafunga tena, na hii mara hakuna mtu nakufungia kabati."

Namutebi alitaka kumfukuza. Badala yake alichukua kipande cha samaki, kikubwa, akakitia mdomoni.

"Dada, kidogo tu."

"Najua," alijibu kwa sauti, machozi yakimchuruzika, akatafuna. Sauti ikarudi, akameza. Ikarudi tena. Sahani ilipobaki mifupa, bado Kisakye alikuwa anaomba, na Namutebi akajua hataacha, si leo wala siku nyingine yoyote.

Akamnyooshea Rejoice sahani.

"Niongezee," akasema.