Sauti ya Kupeleka Mlola

…na bado inasoma, aya ya tatu sasa, hii sauti laini ya kike, kama mtangazaji aliyeshiba, na mama Dorkasi ametulia mbele ya kompyuta kama yuko ibadani, barua yenyewe ya mbegu za karoti tu, mstari wa kwanza ungemtosha kujua pa kuipanga, Jumatatu ushirika wao kule Mlola unampa barua thelathini azipange kabla ya saa sita, akishindwa, kwenye kiti chake cha ukarani anakaa mwingine, miaka kumi na minane amekikalia, mwaka jana presha ya macho ikampofusha, sasa kompyuta ndiyo inamsomea, na basi lake saa nane, kompyuta inaondoka naye na sauti moja, anayeanza ukimpa mbili unampoteza, nimemwambia wazi, mimi sizungushi, chukua ile sauti ya bati… inakwaruza, ndiyo, lakini ikienda mbio haimezi maneno, mimi nimezaliwa sioni, nilijifundisha nayo peke yangu, naikimbiza mpaka Heri, fundi wa chumba cha pili, anauliza kama nakaanga bisi, asubuhi mama akaisikiliza kidogo akasema, mwalimu, hii inanifokea, halafu mimi… nikasema haifoki, inasoma, nikajisikia nimefoka… aya ya nne, salamu kwa familia, jamani, mbona habonyezi, kitufe cha kontroli, kona ya chini kushoto, nimemwelekeza mara tano, ukibonyeza inanyamaza, namuuliza kama amekisahau, anasema hapana, kidole kiko juu yake.

“Sasa?”

“Mtu mzima anaongea, mwalimu. Nitamkatizaje?”

Si mtu, mama, nataka kusema, ni mashine, haina umri, haidai shikamoo… ila ile ya bati asubuhi aliikata bila taabu, kila mara, kwa hiyo nimeshinda, niseme tu, bati, tumemaliza… mimi nakatiza hata wenye umri, jana mke wangu Paskalina ameanza neno kuhusu binti yetu aliye shule Kifungilo, nikamjibu kabla hajafika katikati, akaliacha hapohapo, akaenda kuchambua maharage, mpaka sasa sijui binti ana nini, miaka kumi na minne nasikiliza kitu kinachonyamaza nikitaka, na huyu mama nilimkata palepale, inanifokea, pengine lilikuwepo neno la pili, kiti ni chake, masikio ni yake… mkono wangu umeshafika, kidole changu juu ya kidole chake, nikikandamiza kidogo tu inanyamaza, aya ya tano, mwisho wa barua kama hizi sijawahi kuusikia, itakwenda sauti ipi Mlola sijui tena, nauinua mkono, sibonyezi, inasoma, ikimaliza nitamuuliza asubuhi alikuwa anataka kumalizia nini, kisha nifunge mdomo… wako katika ujenzi wa ushirika, inasema, taratibu, na mama anaitikia kwa koo, mm, kama anasemeshwa yeye.