Kipande Kisicho na Mwenyeji

Kitendawili! Nyumba moja, vyumba tele, na matofali yake yamefyatuliwa na watu ambao mwenye nyumba hajawahi kuwaona. Mmeshindwa? Haya, nipeni mji wangu: ni programu ya kompyuta.

Basi katika ofisi moja, programu zote zilikaa ghala moja. Vipande vingine waliviandika wenyewe, vingine walivichukua mtandaoni, kazi za watu baki, na mtambo mmoja ukaviunganisha kuwa programu. Kikiharibika kimoja, kumeharibika kote. Kwa hiyo waliwekeana desturi: kipande cha nje hakiingii mpaka mmoja wao asimame aseme, "Mimi ndiye mwenyeji wake." Kikileta balaa, ataulizwa yeye.

Aliyeufunza mtambo desturi hiyo ni binti waliyemwita Mwiba. Mkuu wa ofisi, kwa pupa zake, akauamuru mtambo ujiletee wenyewe matoleo mapya ya vipande vya nje. Asubuhi moja kikaja kipande cha kukokotoa tarehe, peke yake kama mbuzi aliyekata kamba. Hakikuwa na mwenyeji, mtambo ukagoma, ukajifunga kama kwa kufuli. Skrini ya ukutani ikawa nyekundu.

"Ondoa hiyo kufuli," mkuu akafoka. "Hospitali wanangoja programu ya dawa mchana huu."

"Mwenyeji wake nani?" Mwiba akauliza.

"Dada, kijipande chenyewe hata kiganja hakijai!"

"Hata siafu ni mdogo, bosi. Muulize tembo."

Mama mpimaji, anayezijaribu programu kabla hazijatoka, akacheka hadi chai ikampalia.

"Cheka tu," mkuu akasema. "Na wewe Mwiba, ukikataa, kesho kiti hicho kina mtu mwingine."

Kazi hiyo Mwiba aliipenda kama roho yake. Lakini hakuinuka.

"Huyo mtu mwingine ataikuta kufuli palepale. Na wewe unaweza kuifungua, bosi. Andika jina lako uwe mwenyeji. Mimi simpokei nisiyemjua kwenye dawa za wagonjwa. Nifukuze!"

Mkuu akavuta kibodi kwa hasira. Akaandika herufi mbili za jina lake, vidole vikasita.

"Kwani hiki kaandika nani?"

"Zamani alikuwa mzee mmoja muungwana," mpimaji akajibu. "Kachoka, kamwachia mwingine. Huyo hana jina, baba. Mtandaoni ana picha ya paka tu."

"Nakuuliza tena, bosi," Mwiba akasema. "Mwenyeji wake nani?"

Mkuu akafuta herufi zake, moja, kisha ya pili.

"Hana," akasema.