Shamba Lililorudi kwa Mabonge

Kila asubuhi, kabla jua halijawa kali, Selestini alitandika taulo kwenye nyasi za uwanja wa Likunja, akaweka mpira wa gofu shubiri moja mbele ya taulo, kisha akamkabidhi Meneja Imrani fimbo ya chuma namba saba. Meneja alikuwa na ugonjwa wa wanaoanza. Alitaka kuuchota mpira kama anayechota maji, kwa hiyo chuma kiligonga ardhi nyuma ya mpira, na mpira ukaruka kidogo na kulala. Taulo lilikuwa la kumwonyesha kosa: akiligusa, amekosea.

“Usiubebe, bosi,” Selestini alimwambia. “Uzito uwe mguu wa kushoto. Mikono itangulie, chuma kifuate. Gonga mpira kwanza, halafu ndiyo ukate ardhi. Mpira utainuka wenyewe.”

Selestini alikuwa mtu wa Nachingwea. Gofu aliijua jeshini, Dar es Salaam, alikokuwa akiwabebea wakubwa mifuko ya fimbo mpaka wakamzoea na kumwachia apige. Alipostaafu, kampuni ya kuchimba kinywe, madini ya kutengenezea betri, ilimwajiri amfundishe meneja wake. Kazi yake ya pili ilikuwa kuokota kila bonge la udongo na nyasi lililokatwa na chuma, kulirudisha kwenye shimo lake na kulikanyaga lishike.

Uwanja ule ulikuwa shamba la mikorosho la Mwantumu. Siku wapimaji wa kampuni walipopita, Mwantumu alikuwa Naipingo akimuuguza dada yake. Aliporudi aliambiwa eneo lake limeandikwa pori. Pori! Mikorosho iliyopandwa kwa mistari, ikapaliliwa na kupuliziwa dawa ya salfa mwaka hadi mwaka, ati pori. Pori gani hilo linalopuliziwa salfa? Tingatinga liliing'oa ikiwa na maua, na mama wa watu akahamishiwa kiwanja kidogo Nkowe, ambako hata mche wa mbaazi ulikosa pa kusimama. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Pale Likunja walitimiza nusu ya kwanza tu.

Siku meneja alipopatia kwa mara ya kwanza, ilikuwa Jumanne. Chuma kiligonga mpira, kikakata ardhi mbele yake, mpira ukaenda juu na kuanguka karibu na bendera. Bonge nalo liliinuka. Halikuanguka. Lilipita juu ya uzio kwa kimo cha nguzo ya umeme, likashika njia ya Nkowe taratibu, likidondosha mchanga.

“Umeuona?” meneja aliuliza. Alikuwa anasema mpira.

“Nimeuona, bosi.”

Kwa kuwa kurudisha mabonge ilikuwa kazi yake, Selestini alichukua bodaboda akalifuata. Dereva alitaka kujua kitu kimoja tu, kama ni kwenda na kurudi.

Alimkuta Mwantumu uani, anafagia kulizunguka bonge. Lilikuwa limetua karibu na kinu, nyasi juu, na kipande cha mzizi wa mkorosho kikichungulia pembeni.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Umefuata udongo?”

“Ndiyo, mama.”

“Kaa kwanza, ule mihogo.” Alimletea sahani na kukaa kwenye mkeka. “Huu ni wa upande wa kisima. Naujua, mweusi mweusi huu. Huyo anayepiga ni nani?”

“Meneja.”

“Anapiga vizuri?”

“Leo ndiyo kapatia. Bado anajifunza.”

Mwantumu alilinyunyizia bonge maji kidogo. “Mvua hazijafika bado,” alisema. “Mfundishe, mwanangu. Mfundishe sana.”

Selestini alimaliza mihogo, akanawa, akaondoka mikono mitupu. Tangu siku hiyo alifundisha kwa moyo wote. Alimfanya meneja apige akiwa ameinua kisigino cha kulia, ajifunze kuegemea mbele. Alichora mstari kwa chokaa na kumwambia aweke mpira juu yake, akate upande wa mbele tu, kwa wembamba, asichimbe. Meneja alipotaka kuhamia fimbo kubwa za kupigia mbali, Selestini alimwambia kwamba mchezaji hujulikana kwa chuma. Hilo lilikuwa kweli, na lilimfaa Mwantumu.

Mabonge yakawa yanakwenda Nkowe kutwa nzima. Yale ya mapigo mabovu yalifika yamevunjika, na Mwantumu aliyaunga kwa maji. Mazuri yalifika mazima, na aliyapanga kama yalivyokuwa shambani, ya kisimani huku, ya kichuguuni kule. Majirani walihamisha njia kidogo ili kupisha. Ua wake ukawa unapanuka bila kumbana mtu, na nyumba ya jirani, iliyokuwa hatua chache, ikawa mbali, ya kuitia kwa sauti. Meneja alipoalika wageni kutoka Dar es Salaam kwa mashindano, aliwashinda wote, na bonge moja lilipeleka kisiki kilichokuwa tayari kinachipua. Mvua zilipoanza, Mwantumu alipanda karanga na mbaazi.

“Mwambie asante,” alimwambia Selestini, akicheka, jembe begani. “Au usimwambie.”

Likunja kulibaki kipara. Nyasi ziliisha, mpira ukawa unatua kwenye kokoto. Meneja aliuliza udongo umeenda wapi, akaambiwa, akamwita Jamali, mpima ardhi wa kampuni.

Jamali alikwenda Nkowe na vyombo vyake siku karanga zilipokuwa na maua ya njano juu na maganda machanga chini. Hakuwa mtu wa maneno makali. Alipima, akachomeka bikoni za saruji, alama za mpaka, kwenye pembe nne, kisha akamweleza Mwantumu kwa upole kwamba ardhi ya kampuni ikihama inabaki ya kampuni.

“Na nyumba yangu?”

“Iko ndani ya bikoni, mama.”

“Nyumba ilikuwepo kabla udongo haujaja!”

“Naona, mama. Ila imo ndani.”

“Na hizi karanga? Nazo ni pori?”

Jamali aliinama akazitazama. “Tutaandika nyasi,” alisema.

Selestini alikuwepo, amebeba mfuko wa fimbo. Shamba walilichukua mara ya kwanza kwa kalamu. Sasa wamelichukua mara ya pili, na nyumba juu yake, na mkono uliowafikisha hapo ulikuwa wake. Alisema, “Hii siyo haki, kaka Jamali.” Jamali akakubali kwamba kweli siyo haki, akaendelea kukaza uzi.

Mwantumu alifunga godoro, sufuria na kinu, akapanda bodaboda kwenda kwa dada yake, Naipingo. Hakumlaumu Selestini. Alimpa konzi ya karanga changa tu, akamwambia azichemshe na chumvi.

Wiki iliyofuata bendera ilisimama palipokuwa mlango wa Mwantumu, nyumba ikiwa imeshabomolewa. Meneja alitaka kuufungua uwanja mpya kwa pigo la kwanza, na mpira wake ulikaa pale palipokuwa jiko, kando ya mafiga. Selestini alimsogelea.

“Bosi, leo jaribu kuubeba mpira. Uzito ubaki nyuma. Uchote hivi, taratibu.”

Meneja Imrani alicheka. “Mwalimu, unanijaribu? Hayo makosa ya zamani.”

Akaegemea mbele, mikono ikatangulia, chuma kikafuata. Mpira kwanza, ardhi baadaye. Lilikuwa pigo safi kuliko yote aliyowahi kumfundisha. Bonge liliinuka na majivu yake, bado vuguvugu, likapita juu ya bikoni na kushika barabara ya Nachingwea, ile iendayo Naipingo.

Jamali alikinga jua kwa kiganja. “Lile linakwenda wapi?”

“Sijui,” Selestini alisema. “Labda Liwale.”

Jamali hakubishana. Alifunga bikoni nne nyuma ya pikipiki, akaipiga kiki, akalifuata bonge bila kulipita.

“Naona sasa imekaa mkononi,” meneja alisema, akanyoosha mkono. “Nipe mpira mwingine.”