Majibu ya Kitanda cha Saba

Katibu wa klabu ya huduma alikuwa fundi wa miwani, mtu wa miaka hamsini na ushei, mwenye duka dogo na mwandiko ambao kila mtu aliusifu. Ndiyo maana klabu ilipoamua kuomba ruzuku kutoka ofisi ya kanda, hakuna aliyeuliza nani ataandika andiko la mradi.

Kuomba ruzuku si kunyoosha mkono tu. Kwanza klabu ilitakiwa ihitimu: wanachama wawili wahudhurie semina ya siku nzima, viongozi watie saini hati ya makubaliano, na ripoti ya mradi uliopita, ule wa madawati, ifungwe. Katibu alikwenda semina pamoja na mwenyekiti, mama mwenye duka la dawa. Huko mkufunzi alirudia jambo moja mpaka watu wakaanza kupiga miayo. Alisema ruzuku haitolewi kwa kile klabu inachodhani watu wanahitaji, bali kwa kile walichosema wenyewe. Lazima mwende, mkae nao, mwaulize mmoja mmoja, muandike majibu.

Klabu ilichagua nyumba ya wazee iliyo nyuma ya soko. Wazee walikuwa kumi na wanane, na katibu akapewa kazi ya kuwahoji.

Ambalo hakumwambia mtu ni kwamba kitanda cha saba katika nyumba ile kilikuwa cha shangazi yake. Shangazi huyo ndiye aliyemlea baada ya mama yake kufariki, akamsomesha kwa cherehani yake. Alipoanguka bafuni na ikawa hawezi tena kuachwa peke yake, katibu alimpeleka pale akamwambia ni kwa muda tu. Mwanzoni alikwenda kila Jumapili. Kisha akakosa Jumapili moja, halafu mbili, na kila aliyoikosa ikaifanya inayofuata kuwa nzito zaidi. Miezi minane ikapita. Hakujua tena angeingia kwa uso gani.

Siku ya Jumatano alifunga duka mapema, akachukua daftari, akafika hadi getini. Kupitia uzio aliona mashuka yameanikwa na mzee mmoja anaota jua. Mlinzi akamuuliza anamtafuta nani. Katibu akasema amepotea njia, akageuka.

Fomu ilitakiwa Ijumaa. Basi alirudi dukani, na kati ya mteja na mteja akaandika majibu ya watu kumi na wanane. Wengine aliwapa maneno mengi, wengine machache, kama watu wa kweli. Kwa kitanda cha saba aliandika: "Miguu yangu imekufa. Natamani kiti cha magurudumu, nilione jua." Alipoisoma sentensi hiyo machozi yalimlengalenga, akajiambia kuwa jambo linaloliza hivyo haliwezi kuwa uongo.

Kwenye kikao, mwanachama mmoja waliyembandika jina la Hoja, kwa kuwa hakuna kikao kilichokwisha bila yeye kutoa moja, aliuliza kama viti hivyo vitapita milangoni. Watu wakacheka. Katibu akasema vitapita.

Kamati ya kanda ilipitisha ombi na kuyasifu mahojiano. Miezi mitatu baadaye viti kumi na viwili vilifika, vikiwa bado na karatasi za nailoni kwenye mikono yake.

Siku ya makabidhiano wanachama walivaa fulana zao mpya. Katibu alitafuta visingizio vya kutokwenda, vikamwishia. Baada ya hotuba, fundi seremala wa klabu alisukuma kiti cha kwanza kuelekea chumbani, kikakwama mlangoni. Wakakijaribu upande, wakakirudisha nyuma. Seremala akatoa futi, akapima, akasema kwa sauti ndogo kwamba kimezidi vidole vinne. Cha pili kilikuwa hivyo hivyo, na milango yote ilikuwa sawa.

Matroni wa nyumba hakukasirika. Alisema tu kwamba aliposikia wazee wamehojiwa, alidhani ni wakati ule alipokuwa likizo. Kama angeulizwa, angesema.

Hapo ndipo shangazi alipotokea kwenye korido. Alikuwa anatembea. Kiganja kimoja kilikuwa ukutani, hatua fupi, anapumzika, hatua nyingine. Hakuna aliyemshika. Alifika kwenye benchi, akakaa, akamtazama mtoto wa kaka yake.

"Umekonda," alisema.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Matroni anasema mmeandika majibu yetu. Mimi nilisema nini?"

Wanachama walikuwa wamesimama pale pale, mwenyekiti akiwa bado na mkasi wa utepe mkononi.

"Ulisema miguu yako imekufa."

"Nani alikwambia?"

"Hakuna. Niliandika mwenyewe."

Shangazi aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu asichokusudia kununua. "Haya, sasa niulize."

"Shangazi, unahitaji nini?"

"Chuma cha kushikia, kutoka kitandani mpaka msalani. Ukuta unateleza. Kutembea natembea." Akajifunga kanga vizuri. "Andika hilo. Mengine si ya fomu."

Jumanne kwenye kikao katibu alisema yote, hata la getini. Wapo waliotaka mambo ya ndani yabaki ndani: milango ipanuliwe kimya kimya na kanda isijue. Mwenyekiti akakataa. Alisema saini yake iko chini ya uongo ule na hataongeza nyingine. Barua ikaenda. Jibu lilikuja baada ya wiki mbili: viti vipelekwe hospitali yenye uhitaji, na klabu haitahitimu kwa mwaka mzima, kisha ianze upya na semina.

Mradi uliokuwa unafuata ulikuwa wa vyoo vya wasichana katika shule ya msingi. Seremala ndiye aliyelitamka ambalo wengine walilimeza.

"Watoto wale watangoja mwaka mzima kwa sababu uliona haya kumsalimia shangazi yako."

Katibu alijiuzulu wadhifa wake siku hiyo, ila hawakumwondoa kwenye klabu. Mwezi uliofuata yeye na seremala walifunga chuma kwenye korido kwa mikono yao, na kwa siku mbili walizofanya kazi hawakuzungumza zaidi ya kuombana misumari na drili.

Siku hizi huenda kila Jumapili. Shangazi humwuliza habari za mkewe na za duka, humsimulia ugomvi wa kitanda cha tano na cha sita, na wakati mwingine hucheka. Mara moja katibu alianza kuomba msamaha. Shangazi akamkatiza, akamwomba amfungulie dirisha. Mpaka leo hajui kama amesamehewa, na kila afikapo getini miguu humwia mizito. Mlinzi humfungulia, naye huingia.