Sumaku ya Nne

Saa sita mchana mkuu wa maabara angekuja kuifunga njia ya msanifu, na sumaku zake saba wagawiwe wasanifu wengine. Msanifu alilijua hilo tangu asubuhi, ndiyo maana chai ilipoa bila kuguswa. Miaka sita aliisanifu njia hiyo ya kupitisha mwale wa ioni nzito, yaani chembe zenye chaji ya umeme, kutoka mashine kubwa hadi chumba cha kutibia uvimbe wa saratani. Lakini mwale ukifika sumaku ya nne, ulitawanyika na kufia kwenye kuta za bomba.

"Hesabu zangu ziko sawa," alisema, mara ya ishirini.

"Na nyaya zangu pia," alijibu fundi umeme, mjomba wake, ndugu wa mama yake. "Nimefunga ulivyochora. Nyekundu kulia, nyeusi kushoto. Au nimezeeka, mpwa wangu?"

Ubishi ulikuwa wa ukoo, hakuna aliyeukosa.

"Basi twende tukaone," alisema msanifu.

Mashine ikazimwa, wakasubiri taa ya kijani, wakaingia handakini, zilimo sumaku. Msanifu alisimama mbele ya sumaku ya nne, upande mwale unakotokea. Mjomba alijipenyeza upande wa pili, alikofanyia kazi, kwa kuwa kwenye sumaku hii tu nguzo ilimzuia kufanya kazi upande wa kwanza. Wakatazamana, sumaku katikati.

"Nionyeshe kulia ni wapi," alisema msanifu, na wote wawili wakanyoosha mkono wa kulia.

Mikono yao ikaelekea kuta mbili tofauti.

Msanifu akaelewa. Yeye huchora akitazama mwale unakokwenda. Mjomba alifunga akitazama unakotoka. Sumaku ya kubana mwale ilikuwa ikiutanua. Na mchoro haukuwa na mshale wa kuonyesha mwelekeo. Aliusahau yeye, msomi mzima.

"Geuza nyaya, mjomba. Upesi."

Mjomba akazigeuza. Walipotoka, bado wakizungumzia nyaya hizo, mkuu alikuwa amesimama kwenye chumba cha kuongozea mitambo, saa mkononi.

"Kumbe zilifungwa kinyume? Huyu fundi wako hafai."

Msanifu angeweza kumwacha mjomba abebe lawama. Mjomba aliinamisha kichwa, akiifuta spana iliyokuwa safi tayari.

"Kosa ni langu," alisema msanifu. "Mchoro wangu haukuwa na mshale. Fundi hana kosa. Nipe dakika tano, na mwale usipofika, ifunge njia, sitabisha."

"Tano," alisema mkuu.

Msanifu akawasha sumaku moja moja, ya nne mwisho. Doa dogo la mwale likatokea kwenye skrini, likasogea, likatulia katikati ya msalaba wa shabaha. Mkuu akakunja orodha yake ya mgao wa sumaku, akaondoka.

Mjomba akachomoa kalamu sikioni, akautandaza mchoro mezani.

"Mshale," alisema.

Akauchora mwenyewe, ukielekea mwale unakokwenda.